Mluzi wa Baba na Wati Ishirini

Nyumba za wafanyakazi, kiwanda cha saruji
7 Februari

Kasuku,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, na mara zote mbili haikuniingia akilini. Umeandika habari za paa linalovuja, ukaandika habari za bosi wako, daktari wa meno anayeumwa jino (hapo nilicheka), halafu mwishoni, kama mtu anayetupa ganda la ndizi dirishani, unasema, "Na spika za Baba zimeungua." Basi. Hakuna lini, hakuna nani.

Sasa nisikilize, maana umeme ndiyo kazi inayonilisha. Zile spika mgongoni zimeandikwa wati mia moja kila moja. Amplifaya niliyomtumia Mama mwaka jana, baada ya ile ya Baba kufa, inatoa wati ishirini. Niliichagua ndogo makusudi. Muuzaji alitaka kunipa kubwa nikakataa, nikamwambia spika za marehemu baba yangu sitaki zipate hata joto. Wati ishirini haziwezi kuunguza spika ya wati mia, kama vile mtoto wa chekechea hawezi kumvunja mgongo mpagazi kwa kumpanda. Kwa hiyo kuna mtu amezichomoa kwenye mashine yangu na kuzichomeka kwenye mashine nyingine, kubwa, ya kupigia sherehe. Nani hapo nyumbani ana gari la kubebea vitu vizito? Simtaji mtu. Nauliza tu.

Jambo la pili. Kila Jumapili natembea hadi posta kupiga simu, na kila Jumapili unapokea wewe. Mama yuko bafuni. Mama amelala. Mama anakusalimu. Zamani alikuwa hauachii ule mkono wa simu mpaka sarafu zangu ziishe. Sasa ananiagiza nimwandikie, yeye aliyekuwa akisema barua ni za watu wa benki. Nani hataki nizungumze na mama yangu? Kuna kitu gani humo ndani ambacho akikohoa tu nitakijua?

Usimwonyeshe mumeo barua hii. Najua mtaani wanamwita Bwana Kimya kwa heshima, na najua aliposema mhamie kwa Mama baada ya msiba alisema kwa nia njema. Lakini mtu asiyesema huwa najiuliza anayaweka wapi maneno yake.

Kaka yako,
Injinia (kama Mama anavyopenda kunikuza)


Kliniki
19 Februari

Kaka,

Nakuandikia nikiwa mapokezi, mgonjwa mmoja anasubiri ganzi imwingie. Nimeandikia kazini kwa sababu umeniambia nifiche, na sasa najiona mwizi ndani ya nyumba ninayolala. Hongera.

Hakuna anayemzuia Mama. Simu ikilia yeye ndiye anayenisukuma: pokea wewe, mwambie aandike. Nimemuuliza kwa nini. Siku moja anasema ule mkono wa simu unamuumiza shingo. Siku nyingine anasema wewe kwenye simu unamumunya maneno kama umejaza ugali mdomoni. Hapo simlaumu sana, hata mimi huwa nakukisia.

Kuhusu spika. Unaikumbuka ile kaseti Baba aliyojirekodi siku aliponunua deki? Anapiga mluzi wimbo mzima, huku anagonga meza kwa ngumi kushika mapigo, na mwishoni Mama anaita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa. Mama huisikiliza kila siku Mungu anayoleta. Mwaka jana, amplifaya yako ilipofika, akaanza kulalamika kwamba mluzi umepotea. Ngumi ipo, mluzi haupo. Nilidhani anatia chumvi, nikampuuza. Halafu mwezi uliopita nilikaa naye tukasikiliza pamoja, na kweli, Baba anagonga meza, du, du, du, na juu yake hakuna kitu. Sauti zote zimekuwa nzito, kama zinatoka nyuma ya godoro. Nikamwambia, "Mama, kweli mluzi haupo." Akanishika mkono akaung'ang'ania, uso wote umejaa furaha. Sikuielewa furaha hiyo. Akasema, "Umeona? Amplifaya ya Injinia imeumeza."

Mume wangu aliinama akatega sikio, akasema zile spika ndogo za juu, wanazoita twita, zinazotoa sauti nyembamba, zimekufa. Hilo tu. Unamjua, maneno yake anayatoa kama anakatwa mshahara.

Kuna jambo sikutaka kukuandikia, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Jirani yetu, yule mama mshonaji wa ukuta wa pili, amenisimamisha getini akaniuliza kama siku hizi tunakodisha sebule kwa watu wa sherehe. Anasema mchana, nikiwa kazini, kwetu kunapigwa muziki wa kukwaruza mpaka anakosea mishono. Anasema siku nyingine anaona pikapu ya duka la samani imeegeshwa nje. Unajua nani anaendesha pikapu ya duka la samani.

Nimeanza kumwangalia anavyokula.

Mdogo wako,
Kasuku


Kiwanda cha saruji
27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi cha vumbi kimepungua, na zile soksi ulizonifumia zinanikaa.

Nakuuliza kitu kimoja na ukijibu kwa mkono wako mwenyewe nitaridhika. Mchana Kasuku akiwa kazini, nani anapiga muziki kwenye spika za Baba? Ukimwogopa mtu, usiandike jina. Chora msalaba chini ya barua, mimi nitaelewa na nitapanda gari siku hiyo hiyo. Ile nafasi ya chumba hapa kwangu bado ipo. Siku utakayoona hapo hapakaliki, sema neno moja tu.

Mwanao


Nyumbani
8 Machi

Mwanangu Injinia,

Marahaba. Msalaba sichori, sijafika huko. Nani nimwogope ndani ya nyumba ambayo matofali yake nimeyamwagilia maji mimi mwenyewe?

Spika zimezeeka. Mimi pia nimezeeka na hakuna aliyeita polisi. Muziki wa mchana ni redio tu, na huyo mshonaji ana tabia ya kusikia hata ambayo hayajasemwa. Mkwe wangu usimguse. Ni mtu mzuri na ananipikia chai bila kuambiwa.

Chumba chako mshukuru Mungu nacho, weka baiskeli. Mimi sihami. Kila mara mtu akipiga chafya hapa wewe unataka kunipakia kwenye gari kama kabati. Siku hiyo ndiyo mtakuwa mmenizika, hata kama bado natembea.

Endelea kuandika. Barua zako nazisoma neno kwa neno na hakuna linalonipita.

Mama yako


Kliniki
16 Machi

Kaka,

Nisome taratibu.

Jumatano mvua ilinyesha, nikafungua mlango wa pikapu kutafuta mwavuli. Kwenye kile kisanduku cha mbele nikakuta chupa yangu ya rangi ya kucha, nyekundu, ile niliyoitafuta nyumba nzima. Nikajiuliza dereva wa samani anatembea na rangi ya kucha kumpaka nani. Moyo ulinilipuka. Kabla sijapoa, mama mshonaji naye akaniambia kwamba mwezi uliopita alimwona mume wangu akipakia spika za Baba kwenye gari, amezifunika shuka. Shuka ya kitanda changu, Kaka.

Jioni nikamkalisha. Akakubali yote bila kubabaika, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alizipeleka kwa fundi redio, fundi akabadilisha twita, akazirudisha mchana nikiwa kazini. Zilifanya kazi siku chache, halafu zikaungua tena. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akainama kufungua kamba za viatu. Nikauliza rangi ya kucha ilikuwa ya nini. Akasema aliweka alama. Alama ya nini? Hapo akasugua magoti yake kama mtu aliyepatwa na baridi, akasema, "Mke wangu, hilo si langu kulisema. Nivumilie."

Nikaenda kuangalia mwenyewe. Pembeni ya kitufe cha sauti cha amplifaya, pale katikati, kuna nukta nyekundu ya rangi yangu. Wewe ni mtu wa umeme, niambie. Ni alama ya kuwaonyesha hao anaowakodisha wasipitishe hapo? Mama nilipomuuliza alijifanya hajui chochote, akaingia jikoni akafungua bomba la maji, akawa anaosha sufuria iliyokuwa safi. Kuna kitu wanakijua wote wawili na mimi ndiye zoba wa nyumba.

Miaka yote hii nimelala kitanda kimoja na mtu huyu na nimekuwa nikijisifu kwamba kimya chake nakisoma. Sasa sioni hata herufi moja.

Kasuku


Kiwanda cha saruji
24 Machi

Kasuku,

Nimeelewa, na sasa sitazunguka.

Mtu huzunguka na spika za marehemu zimefunikwa shuka kwa sababu moja tu. Amezikodisha, zikaungua, akazitengeneza, akazikodisha tena, zikaungua tena. Na Mama anamfunika kwa sababu anaogopa kukuvunjia nyumba. Ile nukta ndiyo ushahidi wenyewe. Mtu anayepiga redio nyumbani kwake hahitaji alama, anasikia kwa masikio yake sauti ikizidi.

Nyumba ni ya Mama. Nitakuja likizo mwezi wa tano. Nisimkute. Na nikija, Mama naondoka naye, hata akinilaani njia nzima. Sitaki ajibu barua zangu kwa woga.

Nimeandika haya bila furaha yoyote. Mimi ndiye niliyemvalisha huyo bwana tai siku ya harusi yenu.

Kaka yako


Nyumbani
3 Aprili

Kaka,

Ameondoka. Nilimsomea maneno yako, na yangu nikaongeza, makali kuliko yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja nguo zake vizuri, akazitia kwenye mfuko wa mbolea, akaenda kwa ndugu yake. Mlangoni alimwangalia Mama, Mama akainamisha uso. Nilitegemea ajitetee, Kaka. Nilikuwa nimejiandaa kumbishia, na hakunipa nafasi.

Tangu siku ile Mama hali vizuri. Anakaa karibu na spika zilizokufa, anazifuta vumbi.

Nilikwenda kwa yule fundi redio nikiwa na hasira zangu, nikitaka aniambie ni sherehe gani. Akasema hajui habari za sherehe, na kwamba mwenye makosa ni amplifaya. Nikamwambia kaka yangu ni fundi umeme na amplifaya ni ndogo. Akajibu kwamba udogo wake ndio ubaya wake. Ndogo ikilazimishwa kupiga kwa nguvu ambazo haina, inatoa sauti chafu, na uchafu huo unakwenda kuchoma zile twita. Alimweleza hivyo hivyo mume wangu, akamwonya mtu asipitishe kitufe katikati. Niliona anamtetea mteja wake, nikaondoka bila kuaga.

Lakini nilipofika nyumbani niliitazama ile nukta nyekundu tena. Nakuletea hilo jinsi lilivyo. Sema ni uongo, nilale.

Kasuku


Kiwanda cha saruji
14 Aprili

Kasuku,

Nilitaka kukwambia ni uongo. Kalamu niliishika kabisa. Kisha nikaona aibu kwamba nina karakana nzima na nabishana kwa mdomo.

Nilichukua redio ndogo ya chumbani kwangu, nikaiunganisha na spika kuukuu ya ukumbi wa chakula, kubwa, ya wati nyingi kama zile za Baba. Karakana tuna chombo chenye kioo kinachochora umeme kama mawimbi. Kwa sauti ya kawaida mawimbi yalikuwa mazuri, yamejikunja juu na chini. Nikazungusha kitufe hadi mwisho. Mawimbi yakawa bapa, yamekatwa vichwa kama nyasi zilizofyekwa. Mashine imefika mwisho wa uwezo wake, haiwezi kupanda zaidi, basi inayakata, na pale inapokata zinazaliwa sauti nyembamba ambazo hazikuwepo kwenye wimbo. Hizo zote zinakimbilia kwenye ile spika ndogo ya juu. Nayo haibebi wati mia. Wati mia ni za boksi zima, na sehemu kubwa ni ya ile spika pana ya chini. Ndogo ya juu inabeba chache mno. Haikuchukua muda, nikasikia harufu ya plastiki. Imekufa.

Kwa hiyo spika za Baba niliziunguza mimi, kwa kuogopa kuziunguza. Muuzaji alinipa kubwa nikamwona tapeli. Mashine kubwa ukiipiga polepole haina shida yoyote, inatoa sauti safi na inabaki na nguvu ya akiba. Ile yangu ilikuwa inapiga kelele kwa kukosa pumzi.

Hilo nalikubali, na mumeo nitamwomba radhi kuhusu mashine ya sherehe. Lakini usinifungie mjadala. Lazima kuna mtu aliyezungusha kitufe hadi mwisho, na si mara moja. Mimi nilikaa na ule mkwaruzo muda mfupi tu, nimeziba masikio, na mpishi wa ukumbi alikuja mbio akidhani mtu amenasa kwenye mashine. Hakuna mwenye masikio mawili anayeweza kukaa chumba kimoja na sauti ile kila mchana na kuona ni muziki. Na fundi alishamwonya, na alama akaiweka mwenyewe. Sasa nani anaipita alama? Mumeo ni kiziwi? Maana ni kiziwi tu angeweza.

Niambie unalojua.

Kaka yako


Nyumbani
22 Aprili

Kaka,

Niliisoma barua yako kliniki, nikafika pale ulipoandika neno lile, nikasimama. Bosi aliniuliza kama naumwa. Nikamwomba ruhusa nikarudi nyumbani mchana, saa ambayo huwa sipo.

Nilisikia kutoka mbali. Mama mshonaji alikuwa kibarazani kwake na pamba masikioni, akaninyooshea mkono kama kusema, haya, jionee. Pikapu haikuwepo. Nikaingia. Amplifaya ilikuwa wazi mpaka mwisho, kitufe kimeipita ile nukta na kwenda zake, na kilichokuwa kinatoka kwenye zile spika sijui nikiite nini. Niliziba masikio. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, kaseti ya Baba inazunguka. Kiganja chake alikuwa amekiweka juu ya boksi la spika. Ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nikamwita. Nikamwita tena. Niko nyuma yake kabisa, Kaka. Nilipomgusa bega aliruka mpaka kigoda kikaanguka.

Nilizima mashine, tukakaa chini sakafuni wote wawili. Nilikuwa nalia na yeye alikuwa ananitazama mdomo. Ndipo nikajua kwamba siku zote ananitazama mdomo, na mimi nilidhani ni mapenzi ya mama. Ni mapenzi, lakini pia alikuwa anasoma. Simu haina mdomo. Sasa unajua kwa nini hakuna aliyekupa Mama.

Akanieleza. Mluzi ulianza kumpotea kabla hata ya amplifaya yako. Yako ilipofika akaisingizia, akaongeza sauti amtafute Baba. Akaongeza, akaongeza. Siku nilipomwambia kwamba hata mimi siusikii, alifurahi kwa sababu alijua sasa si masikio yake. Twita zilikuwa zimeungua, basi sote tulikuwa viziwi sawa. Kisha mume wangu akamrekebishia spika kwa kumshtukiza, akamwekea kaseti, mluzi ukajaa sebule, na Mama akamtazama akamuuliza, "Mluzi utaanza lini?"

Hapo mume wangu akajua. Mama alimshika shati akamwapisha asiseme, hasa kwako, maana ungekuja na gari. Rangi ya kucha ilikuwa alama yake Mama, ili ajue kwa macho mahali ambapo hawezi kujua kwa masikio, naye akawa anaipita akimtafuta Baba. Na mimi nikisoma barua zako alikuwa anakaa pale mezani anakunywa chai, analinda siri ya mama yetu, huku sisi wawili tunamvua nguo kwenye karatasi.

Nimekwenda kwa ndugu yake. Nilipiga magoti mlangoni, watu wanapita. Alisema ninyanyuke, sakafu ina tope. Hajasema anarudi. Nimemwacha anaosha gari.

Nimeumia, Kaka, na nimekasirika na wewe, na nimejikasirikia mimi zaidi, maana wewe ulikuwa mbali.

Kasuku


Ndani ya bahasha hiyo hiyo

Mwanangu,

Mdogo wako amekwisha kusema, mimi niseme langu.

Kwenye simu wewe ni mbu. Naisikia sauti, maneno siyapati. Nilikuwa nikijibu ndiyo, ndiyo, mpaka siku ile uliponiambia rafiki yako amefariki nami nikakwambia vizuri sana. Ukanyamaza, nikajua nimekosea, na sikujua nimekosea nini mpaka Kasuku aliponieleza baadaye. Tangu hapo sikuigusa tena.

Nilimwacha mkwe wangu atoke na mfuko wa mbolea kwa ajili ya siri yangu, nikainamisha uso. Hilo ndilo linaloniuma, masikio ni kitu kidogo. Kama unataka kumfukuza mtu, anza na mimi.

Lakini sihami. Hapa najua kila kitu kilipo. Najua maji yamechemka kwa mvuke, najua mgeni amefika kwa kivuli chini ya mlango. Kwako ningekuwa kiziwi kweli.

Mama yako


Kiwanda cha saruji
6 Mei

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa utulivu ili nisichafue karatasi.

Nakumbuka siku ile ya rafiki yangu. Nilikasirika nawe wiki nzima. Nisamehe.

Likizo nakuja, peke yangu, na nitarudi peke yangu. Gari nalituma litangulie, lakini limebeba amplifaya. Ni ya wati mia na ishirini, na nimehakikisha zile omu nane za ukinzani wa umeme zilizoandikwa nyuma ya spika zinalingana na zake. Kasuku azungushe kitufe robo tu, hapo inatosha sebule nzima na spika hazitahisi kitu. Twita mpya zimo kwenye boksi dogo. Wazifunge kwa yule fundi ambaye mdogo wangu hakumuaga.

Shemeji nimemwandikia barua yake. Ni fupi. Niliandika ndefu, nikaona ninajitetea, nikaichana.

Mwanao


Nyumbani
2 Juni

Kaka,

Sasa umerudi kazini, nami nina mambo ambayo uliondoka kabla hujayaona.

Mume wangu alirudi ulipokuwa hapa na ulimwona anavyokaa, upande mmoja wa kiti, kama mgeni. Bado anakaa hivyo. Simharakishi. Barua yako iko kwenye mfuko wa shati lake la kazini. Nimeifua mara moja kwa bahati mbaya, akaianika kwenye kamba na kuirudisha.

Fundi alichelewesha twita, ndiyo maana hukuzisikia. Jana ametufungia. Nilizungusha kitufe robo, kama ulivyoagiza, nikaweka kaseti. Kaka, sauti ilitoka safi mpaka nikageuka kuangalia kama Baba yuko mlangoni. Unasikia hadi anavyovuta pumzi kati ya mstari na mstari. Mama mshonaji alikuja dirishani akasimama tu, hakulalamika.

Nilikuwa nimeogopa kumtazama Mama. Alikuwa kwenye kigoda chake, kiganja juu ya boksi kwa ajili ya ngumi ya Baba, macho yake yanahama kutoka uso wangu kwenda uso wa mume wangu. Akauliza, "Ameanza?"

Nikasema ndiyo.

Bwana Kimya akavuta kiti, akaketi mbele yake. Akauchukua mkono wa pili wa Mama, akauweka wazi juu ya goti lake, akaanza kutelezesha kidole chake kwenye kiganja hicho. Mluzi ukipanda, kidole kinapanda kuelekea vidoleni. Ukishuka, kinashuka hadi kwenye mshipa. Ukitetemeka, kinatetemeka. Mama alikunja uso mwanzoni, kisha uso ukafunguka. Walikwenda hivyo wimbo mzima, yeye hasikii na huyu hasemi.

Karibu na mwisho, pale Baba anapokata pumzi na kupotea njia kidogo, kidole cha mume wangu nacho kikayumba. Mama akacheka, akamkamata kidole kisiende.

"Hapo hapo," akasema. "Siku zote alikuwa anakosea hapo hapo."

Mdogo wako,
Kasuku